Papa, Nimemuuliza Mwingereza Kuhusu Nyimbo

Papa,

Ni miezi saba tangu tukuzike. Gitaa lako liko kwa mkubwa wangu, yaya Espoir. Kanisani wamepata mpigaji mwingine, ana haraka mno. Nami nimehama mtaa wetu wa Gulfton, niko Missouri City, mji wa jirani, karibu na kazi. Namtunza bibi mmoja, Mwingereza, aliyeolewa huku Texas zamani.

Siku ya kwanza, hata sijamaliza kumpima presha, nikamtupia swali letu la garini: kwa nini Waingereza wanaandika nyimbo vizuri kuliko Waamerika? Wewe ulishikilia hivyo, mimi nikabisha. "Mwamerika ana sauti," ulikuwa ukisema, "lakini Mwingereza anakusimulia jirani yake hadi unajua amekula nini." Nami: "Na wimbo wa huyo jirani, Papa, unachezeka?" Ukacheka mpaka ukapita mahali pa kukata kona.

Bibi naye alicheka. Akasema umekosea nusu. Ujanani, yeye na vijana wenzake kila kitu walijifunza kwenye sahani za santuri za Waamerika, hasa Waamerika weusi. Waliiga hata matamshi, wakaimba barabara ndefu za Marekani ambazo hawakuwahi kuziona.

"Mwishowe tukaona aibu," akasema. "Mji wetu ulikuwa na basi moja na mvua. Tukaanza kuimba basi na mvua."

Nikamuuliza, basi nani bora? Akasema Mwamerika huandika wimbo ili kila mtu auone ni wake. Wao waliandika mtaa mmoja tu. Halafu akanigeukia: "Na mtaa wenu, nani ameuimba?"

Papa, nilitaka kukupigia simu. Kweli, niliishika simu. Nikalia jikoni kwa mtu.

Nikakasirika pia, nisamehe. Miaka yote ile ulipiga nyimbo za wengine, na ulizipiga vizuri. Kwa nini hukuandika hata mmoja? Uliona maisha yetu hayatoshi? Au uliandika ukaficha? Katika kubishana kote kule, hilo sikukuuliza.

Juzi nimeandika mistari mitatu, kwa Kiswahili. Inamhusu yule mama wa ghorofa ya pili kule Gulfton aliyekuwa akianika samaki kwenye baraza, meneja wa jengo akigonga mlango kulalamika, naye akimkaribisha ale. Vina vinachechemea. Nilimwimbia bibi. Hakuelewa neno, lakini alisema, "Rudia."

Pumzika, Papa. Nitaumaliza huu wimbo. Kwamba utakuwa mzuri, hilo siwezi kukuahidi.

Binti yako,
Neema