Programu ya Maktaba ya Wasioona

Jumatatu, 15 Januari
Nimekwenda peke yangu kwenye shule ya wasioona. Wanafunzi wangu wa kompyuta wa mwaka wa tatu watawaundia programu ya kutafuta vitabu — muhula huu hatujifunzi kwa nadharia tu. Mkutubi wao, mama mtu mzima, mwenyewe haoni. Anapita kati ya rafu akigusa migongo ya vitabu, taratibu, kama anasalimia wajukuu. Nikamtazama hadi nikasahau kilichonileta.
Darasani nikawaambia neno moja tu: nendeni mkaongee na mkutubi kwanza.

Ijumaa, 8 Machi
Hawakwenda! Walimtumia baruapepe, basi, wakadhani mkutubi wa wasioona lazima awe anaona. Leo jaribio la kwanza — skrini imepambwa picha, vitufe vya rangi, kila kitu kwa kipanya. Kiongozi wa kundi, tunayemwita Injinia, akaanza kwa kujiamini: "Mama, bonyeza pale pa kijani."
Mama akacheka mpaka akashika mbavu.
"Kijani kinasemaje, mwanangu?"
Injinia alitamani ardhi impasukie.

Jumanne, 12 Machi
Injinia amekuja ofisini. Hakukaa.
"Mwalimu, ulijua haoni?"
Nilijua. Nilijua pia hawajaenda. Nikanyamaza makusudi, nikijiambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.
"Basi ulimtumia mama wa watu kutufunza sisi."
Akaondoka. Nimekaa dirishani sijui saa ngapi, chai imepoa, mawingu yanapita kama hayana haraka na mtu. Kijana yule ana haki. Jioni nilimpigia mkutubi kumwomba radhi. Akasema amezoea, ila kuzoea si kupenda.

Jumamosi, 16 Machi
Wanafunzi wamefuta karibu programu yote. Wanashinda maktabani kwa Mama, macho wamefunga vitambaa, wanajigonga kwenye meza. Nimepita tu mlangoni — vicheko! Sikuingia.

Ijumaa, 22 Machi
Naandika hapa hapa maktabani, kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni. Kipanya hakipo tena. Mama anaandika herufi, mashine inamsomea — sauti ni ya Injinia mwenyewe, ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia. Imetaja kitabu na rafu yake. Mama ametulia, uso kwenye jua. Kabonyeza tena. Kitabu kile kile. Tena. Kile kile.
Injinia kanishika mkono, ananong'ona: imekwama?
Sijui. Mama ameinamisha kichwa karibu na spika, kidole bado juu ya kitufe, na midomo yake inafuatisha maneno — hapana, haijakwama, anairudia sauti makusudi, kama anasalimia mjukuu.