Kwako Saa Mbili, Refa Aliyeandika Kila Kitu

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu asubuhi ile ulipokaa ukingoni mwa kitanda kufunga kamba za viatu. Ulifunga cha kushoto, cha kulia hukukifikia. Mumeo alikuwa ameshaweka chai mezani. Alikuita mara mbili, hukuitika, akadhani unamnunia kama ulivyozoea asubuhi, akamimina chai yake akanywa. Anajuta mpaka leo, ingawa daktari alimwambia kwamba hata angekimbia asingewahi kitu.

Tunakuandikia hapa gazetini kwa sababu ndiko watu walikokujulia. Siku ulipopewa filimbi ya ligi ya wanaume, mwanamke wa kwanza kuipuliza, gazeti hili lilitoa picha yako, na chini yake jina, umri, na habari kwamba umeolewa. Ulicheka ukasema wamesahau kuuliza kama unajua sheria ya kuotea. Walipokuondoa, gazeti lilitoa mistari minne bila picha. Leo tunataka kuongeza mistari mingine, na tunaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa yatakayosemwa si ya sifa tu.

Watu walikuita Saa Mbili kwa ajili ya zile saa ulizovaa, moja kila mkono. Ya kwanza ilikwenda tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Ya pili uliisimamisha kila mpira uliposimama, ili dakika za watu zisipotee. Mtu akikuuliza saa ngapi, ulimuuliza kwanza anataka ya mkono upi.

Sare uliyopewa ilikuwa ya mwanamume mwenye mabega ya kubeba magunia. Mumeo, fundi cherehani, aliifumua yote akaishona upya. Alisema hajawahi kushona nguo ya mtu atakayetukanwa na maelfu kwa mpigo, ndiyo maana kila mshono ameupitisha mara mbili.

Uwanjani palikuwa na vyumba vitatu vya kubadilishia nguo: cha wenyeji, cha wageni na cha waamuzi. Katika hicho cha tatu washika vibendera wako walikuwa wanavua suruali, basi wewe ukapewa stoo, kati ya nyavu zilizochanika na magunia ya chokaa. Siku ya kwanza ulitoka mgongo wako mweupe kwa vumbi, jukwaa zima likapiga kelele kwamba refa katoka kusaga unga. Hukugombana na mtu. Uliandika. Kwenye ripoti ya mchezo, mahali palipoandikwa “Mengineyo”, uliweka: “Refa amebadilisha nguo stoo.” Mchezo uliofuata ukaandika hivyohivyo, na uliofuata, hadi siku moja ukakuta chumba kidogo kimetengwa, kina komeo kwa ndani.

Ndivyo ulivyokuwa. Hata makosa yako uliyaandika. Tunayo nakala inayosema: “Dakika ya sitini na mbili nimempa kadi ya njano nambari saba, aliyestahili ni nambari kumi na saba. Kosa ni langu.” Mama alikuuliza nani kakulazimisha kujichongea. Ulimjibu kwamba refa akianza kuchagua la kuandika na la kuacha, hana tofauti na shabiki.

Siku za kazi ulikuwa msoma mita za maji, na mashabiki walewale waliokutukana Jumamosi ulibisha hodi kwao Jumatatu. Kuna mzee aliyekuzuia langoni kwa sababu ya penalti uliyoinyima timu yake. Ulichutama ukamweleza kwa vijiwe viwili na kifuniko cha mita, nani alikuwa wapi, mguu gani uligusa mpira. Alikufungulia, ingawa hakukubali. Tangu hapo akawa anakuwekea maji ya kunywa, na ubishi wake palepale.

Sasa tuuseme ule mchezo.

Dakika ya hamsini na nne, beki mwenye jezi nambari tatu aligongana kichwa na mwenzake. Yule mwingine aliinuka. Nambari tatu naye aliinuka, ila alianza kutembea kuelekea goli lake mwenyewe kama mtu anayerudi nyumbani. Ulimshika bega ukamuuliza maswali, kisha ukamtoa. Timu yake ilikuwa imeshamaliza nafasi za kubadilisha wachezaji. Kocha alikujia juu.

“Huu ni mpira, siyo kliniki. Mrudishe mtoto.”

“Nimemuuliza tuko uwanja gani, kaniambia tuko shuleni,” ulimwambia. “Hachezi.”

Walicheza kumi, wakafungwa mwishoni. Ulitolewa uwanjani kwa ngao za askari. Kesho yake kundi lilikuja mpaka nyumbani likarusha mawe, na moja lilipita dirishani likampiga mama begani. Mama alikaa kitako kwenye sakafu ya sebule akiwa ameshika bega, hakulia, akauliza tu kama dirisha ni la kubadilisha lote au kioo.

Mdogo wako ndiye aliyefagia vioo. Wakati huo aliishi nanyi, na tangu utotoni alikuwa kivuli chako. Alikuona asubuhi ya Jumatatu ukipeleka ripoti kwenye ofisi ya chama cha mpira, nakala ya kaboni ukaiacha kwenye droo pamoja na nakala za michezo mingine. Jirani alikuwa ameshamwambia kwamba malalamiko yamepelekwa, kesi inakuja. Mdogo wako hakujua taratibu zenu. Aliiona ile karatasi yenye nembo ya chama, akaona jina lako na jina la timu ile, akaamini hiyo ndiyo kesi yenyewe imeingia nyumbani. Alijiambia kwamba karatasi isipokuwepo, mambo yatapoa, utaachwa taratibu, utarudi kuwa dada wa kawaida ambaye mama yake hapigwi mawe. Aliisoma yote. Kisha akaipeleka shimoni nyuma ya nyumba akaichoma pamoja na majani makavu.

Alifanya hivyo kwa mapenzi. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, wala hatusemi kwamba mapenzi yanapunguza kitu.

Jumamosi iliyofuata, chini ya refa mwingine, nambari tatu alichezeshwa. Aligongwa kidogo tu, hata faulo haikupigwa. Alianguka, akafia njiani kuelekea hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Chama kilikuita mbele ya meza ya wazee watatu. Kocha alisema refa alimtoa mchezaji bila kueleza sababu, wala hakumwonya chochote. Washika vibendera wako wawili walisema hawakumbuki vizuri. Ripoti uliyoipeleka kwa mkono wako ilikuwa haionekani, na karani wa masjala hakuiona hata kwenye daftari lake. Mwenyekiti akakwambia ulete nakala yako basi, mambo yaishe. Ulirudi nyumbani mwendo wa haraka, karibu unatabasamu, kwa kuwa nakala ulikuwa nayo.

Mlitafuta siku mbili. Mlitoa droo zote, mkasogeza kabati, mumeo akapekua hata mafurushi ya vitambaa vya wateja. “Niangalizie na wewe,” ulimwambia mdogo wako, “macho yangu yameshachoka.” Naye akainua godoro upande wake, wewe ukainua upande wako, mkatazama chaga tupu. Alikuwa na nafasi ya kusema pale. Aliogopa. Kesho yake neno lilikuwa zito zaidi, na mwezi ulipokwisha akaona limeshapitwa na wakati. Majuto ni mjukuu, na huyu amemlea miaka yote.

Barua ilisema umefutwa kwenye orodha ya waamuzi kwa uzembe. Tulikusihi ukate rufaa. Ulisema refa asiye na ripoti hana la kusema, ukaikunja, ukaenda kusoma mita.

Tungependa kuandika kwamba ulisahau. Hukusahau. Wewe uliyekuwa na uhakika mbele ya uwanja mzima ulianza kurudi kuangalia kama umefunga mlango, kisha kurudi tena. Ulimuuliza mumeo mkiwa mnakula, “Hivi kweli niliandika, au nilidhani tu nimeandika?” Alikujibu kwamba uliandika, naye hakuwa ameona. Ulimuuliza swali hilo miaka tisa. Kufutwa kulikuuma, lakini kilichokumaliza ni kutojiamini, na hilo si chama peke yake kilichokufanyia. Ni nyumba yako.

Katika njia yako ya mita kulikuwa na lango la bluu, na ndani yake, karibu na jiwe la kufulia, mita ya mama wa nambari tatu. Kila mwezi alikufungulia, akakugeuzia mgongo, akasimama akitazama ukuta mpaka umalize. Mara moja tu alizungumza. “Ulikuwepo. Ulimwona. Ukanyamaza.” Ulikuja kutusimulia tukiwa jikoni, na mdogo wako akaacha vyombo kwenye maji akatoka nje. Tulidhani ni huruma. Ofisini walitaka kukubadilishia njia, ukakataa. Ulisema mama yule ana haki ya kukuona unakuja.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika, binti yako alifungua ile droo. Nakala zote za michezo yako zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, na palipokosekana moja ulikuwa umeweka karatasi tupu, juu yake tarehe na majina ya timu mbili, basi. Mdogo wako aliiona karatasi ile akakaa sakafuni. Akasema yote, kuanzia jirani hadi shimo.

Mumeo alitoka bila viatu. Alilala kibandani kwake cha kushonea siku tatu, na hadi leo salamu yake kwa shemeji yake ni ya mdomoni tu. Hatusemi kwamba yamekwisha. Wengine kati yetu tulisema yazikwe, aliyekufa haumizwi tena, na gazeti si mahali pa kuanika nguo za ndani. Mama alitusikiliza wote, kisha akasema, “Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo kimeshapita. Andikeni. Yeye aliandika hata makosa yake.”

Lakini alitaka kwanza mtu mmoja aambiwe uso kwa uso, asije akalisoma gazetini. Wiki tatu zilizopita mdogo wako alikwenda kwenye lango la bluu, mama akimsindikiza. Alisimulia akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Alipofika kwenye maneno ya ripoti aliyasema kwa moyo, kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee aliyebaki anayeyajua, na tunayaandika hapa kama alivyoyasema: “Mchezaji nambari tatu amegongwa kichwa. Hajui alipo. Asirudishwe uwanjani mpaka aonwe na daktari. Nimemweleza kocha wake.”

“Rudia,” mama yule alisema.

Akarudia. Akaambiwa arudie tena, akarudia.

“Miaka tisa nimempa mgongo mtu pekee aliyetaka mwanangu apumzike,” alisema yule mama. Kisha akamtazama mdogo wako. “Wewe leo sikusamehi. Usiniharakishe.”

Mdogo wako alisema hajaja kuharakisha. Njia nzima ya kurudi alimshika mama mkono, na mama anasema hajui ni nani aliyekuwa anamsaidia mwenzake kutembea.

Basi iandikwe, Saa Mbili. Uliandika. Hukudhani. Hukupoteza karatasi yoyote, na akili yako haikukudanganya hata siku moja. Chama kikitaka kufungua jalada lako, sisi tupo, na mdogo wako yuko tayari kusimama mbele ya meza ileile. Kisipotaka, wenye macho wamesoma. Ungekuwa hai ungemwita mdogo wako kando, ungemwonyesha kadi kwanza, ndipo ungemuuliza kama amekula. Hatukukupa nafasi hiyo, na hilo ndilo linalotuuma kuliko kifo chako.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado halalii bega lile. Na mumeo, ambaye sare yako ameikataa isigawiwe. Na binti yako, aliye na zile saa, na bado hajaamua azitie betri au aziache. Na mdogo wako, aliyeomba asitajwe. Mama amekataa, amesema atatajwa kama wenzake. Na majirani wa mtaa wote, pamoja na mzee wa penalti, anayesema bado hakubali.

Na mama wa nambari tatu, ambaye aliomba mwenyewe awekwe hapa. Ametutuma tukwambie kwamba mwezi huu, msoma mita mpya alipokuja, alisimama akimtazama mpaka akamaliza.

Hutatutoka moyoni siku zote tutakazojaliwa.