Swichi Iliyosahau

Ilemela, Alhamisi, Novemba 1999. Mwezi wa nane tangu nitoke Kasulu.

Umeme ulikatika tena leo hapa kiwandani kwa samaki, na uliporudi swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ilikuwa imesahau kila kitu. Fundi wa Dar aliipa amri kwamba picha za kamera ziende kwenye kompyuta ya bosi peke yake, halafu akaondoka bila kuihifadhi. Kwa hiyo kila umeme ukikatika, picha zinamwagika kwenye kompyuta zote, ile ya mizani inaganda, na sangara wanaosubiri kupimwa wanaozea juani.

"Mwisho wa Reli!" Mama Kulwa wa mizani aliniita kwa sauti, kwa jina wanalotutania watu wa Kigoma. "Kisanduku chako kimelewa tena!"

Nilikimbia nikachomoa waya wa kamera. Ni hilo tu ninaloliweza. Niliajiriwa kuvuta nyaya, na shule niliiacha darasa la tano.

Mizani ikaamka. Bosi akakosa picha zake, akanitukana. Hata hivyo nikamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama yangu ni mgonjwa, na ujumbe ulisema niwahi.

"Ukienda, nani atachomoa? Nyaya zote ulizivuta wewe. Msubiri fundi."

"Anarudi lini, bosi?"

"Akipata nafasi."

Mama Kulwa alinifungia kichwa cha sangara nikapike. Kipo hapa, sijakigusa.

Nilimwahidi mama kwamba nitarudi Krismasi, lakini huyo fundi... Basi nitarudi siku ya mazishi yake. Kwenye msiba hakuna bosi anayemnyima mtu ruhusa.