Muda Tuliookoa Asubuhi

Baba Pacha,

Nimewahi zamu yangu wodini. Chakula kiko jikoni, kipashe tu. Nguo zianue mapema, wingu limetanda.

Asubuhi uliniuliza nimenuna nini, nikasema sijanuna. Nilinuna. Mbinu yako ya kukamata wale wadudu wa mchezo wa kwenye simu, tunaozunguka mtaani kuwawinda, ni nzuri, sikatai: kidole kimoja kinashikilia kitufe, kingine kinarusha mpira wa kumnasia, ukimpata mdudu unatoka hapo hapo bila kusubiri mpira utikisike naye ndani. Tukawamaliza wote mtaani, tukarudi chai ikiwa bado ya moto, nawe unachekelea: "Umeona muda tuliookoa?"

Muda huo ndio nilioutaka mimi. Mpira ukianza kutikisika, wewe husimama ukaniegemea begani, uchungulie kama mdudu atachomoka. Tangu goti lako lipone ukaacha mkongojo, huniegemei saa nyingine yoyote.

~~Kesho nenda peke yako.~~

Kesho twende wote, mzee wangu, ila tusubiri kila mpira utulie wenyewe.

Mkeo,
Mama Pacha