Kidole Kwenye Kitufe cha Fonie

Kasongo, tarehe 9 Julai

Kwako yaya Octave, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote, kuanzia baba, ambaye goti bado linamsumbua lakini ulimi hauumwi, hadi Naomie wangu, aliyefaulu darasa la nne na kuutangazia mtaa mzima. Wewe je, kifua kimepoa? Huko Salamabila mnapata maji mazuri, au bado mnakunywa yale ya mashimoni? Sisi tuko wazima wa mwili. Ila mimi nimechoka, yaya. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi, na nguo nilizoloweka Jumatatu bado ziko kwenye beseni.

Utashangaa kwa nini barua ipande pikipiki na kula vumbi siku mbili tatu, wakati fonie, redio yetu ya kuitana, iko bandarini na mimi ndiye ninayeishika. Tangu mwezi uliopita siigusi ila kwa kazi tu. Sababu nitakueleza, lakini niache nifike huko kwa mwendo wangu.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Komite ya wenye mashua ilinipa kibanda cha ukingoni, fonie, betri na daftari. Kila mashua ya mota ikiondoka huniita: jina lake, iko wapi, ina watu wangapi, inaelekea wapi. Mashua mbili zikikutana huambiana nani apite upande gani. Kwa kuwa sote, mpaka na nyinyi wa Salamabila, tunatumia njia moja ya hewa, sheria ni kusema kwa ufupi na kuachia kitufe. Kidole kikiwa juu yake humsikii mtu, na wengine nao hawasikilizani. Familia zinaruhusiwa kuongea kuanzia saa tatu asubuhi.

Mambo ya taa alinifundisha Magloire, nahodha. Taa nyekundu hukaa kushoto kwa anayetazama mbele, ya kijani kuume. Ukiona nyekundu peke yake, mwenzako anakuonyesha ubavu wake wa kushoto. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, jua anakujia usoni, na kila mmoja apinde kuume. Magloire alitengeneza zake kwa balbu za pikipiki na vioo vya rangi. Wenzake walimcheka, eti amepamba mashua kama bibi harusi, lakini mwisho karibu wote walimuiga.

Nadhani habari ya ajali ilifika huko. Tarehe kumi na moja Juni, asubuhi, ukungu ulikuwa mzito hata maji huyaoni. Mashua ya Magloire iligongana na nyingine iliyobeba mihogo. Jirani yetu Nuru, muuza mawese, yule aliyekufungia ndizi siku ya safari yako, alianguka mtoni. Alipatikana kesho yake. Ameacha watoto watatu, na mpaka sasa sijui nitawatazamaje.

Magloire alisema aliziona taa mbili, nyekundu na kijani, zikimjia. Akapunguza mota, akaita mara tatu kwamba anapita kuume, asijibiwe na mtu yeyote. Nahodha wa mihogo alisema hakusikia kitu, ndiyo maana alipinda kushoto kufuata ukingo. Komite wakafungua daftari langu. Ndani yake mlikuwa mmeandikwa: hakuna aliyeita. Basi Magloire yuko kasho, amefungiwa hii wiki ya nne, na Ijumaa atapelekwa mahakamani.

Mkewe, Mathilde, hupita kwangu kila siku na sufuria ya chakula cha mumewe. Hajui kusoma. Kila siku ananiomba nifungue tena daftari, labda kuna mstari niliouruka. Kila siku nafungua, nafuata kwa kidole, namsomea maneno yale yale. Ananishukuru, anaenda zake. Uchovu wangu ndio huo, yaya.

Hakuna mstari niliouruka. Niliandika uongo.

Unakumbuka asubuhi uliyoniita ikiwa haijafika saa kumi na mbili na nusu, baada ya miezi mitano ya kimya? Ndiyo hiyo. Tulishaanza kukulilia. Baba alikuwa ameacha kulitaja jina lako. Niliposikia sauti yako nilibana kitufe nikasahau dunia. Nikakusalimia kwa niaba ya kila mtu, mmoja mmoja, mpaka mbuzi. Kwetu salamu haikatwi katikati, wewe mwenyewe unajua. Nilipoachia, nilisikia kipande cha sauti ya Magloire: "...niko napita kuume, mutu anijibu!" Halafu kishindo, halafu hewa tupu. Niliogopa, nikaandika nilichoandika. Sikulaumu hata kidogo. Wewe uliita nyumbani kwenu, na kidole kilikuwa changu.

Leo asubuhi Mathilde alipokuja sikufungua daftari. Nilimwambia yote, nikangoja anipige. Aliweka sufuria chini, akaniuliza nilikuwa ninasema na nani. Nikamjibu ni kaka yangu, tuliyedhani amekufa huko kwenye dhahabu.

Akaniuliza: "Na iko muzima?"

Nikasema ndiyo. Akasema basi Mungu ashukuriwe. Akainua sufuria yake, akaniambia nivae viatu twende.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya komite, daftari liko magotini. Bado hawajatuita. Nawe uandike ushahidi wako, utaje saa uliyoniita, umpe mwenye pikipiki huyu huyu akirudi. Ukinikosa nyumbani, mpe baba habari zako, usimfiche tena miezi mitano. Wasalimie unaochimba nao. Mathilde amekaa hapa kando yangu, ameniona naandika, na amesema nimwandikie pia: anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Odile