Kivinjari cha Marehemu Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Malalamiko kwamba kompyuta na barua pepe za marehemu zimeingiliwa
Shahidi: Mwanamke, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Mtaani anaitwa Mama Vifungo
Umri: Miaka 58
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka kona ya duka la vioo, mlango wa kijani
Tarehe na saa: Ijumaa, 13 Juni, saa 3:40 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba natakiwa kusema kweli, na kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe.

Mume wangu alifariki tarehe 22 Aprili mwaka huu, saa saba mchana, hospitalini, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusoma yaliyoandikwa na wengine na kutafuta makosa. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani akaiweka sebuleni, kati ya cherehani yangu na dirisha. Aliiweka katika lugha ya Kiswahili ili apate cha kubishana nacho. Nikiwa nashona nilikuwa namsikia akiiambia, "Hapo umekosea tena, bwana mkubwa."

Mimi sikuijua kompyuta hiyo sana. Nilichojua ni kwamba kwenye kioo kuna picha ya bahasha, ambayo mume wangu aliiandika "Barua." Nikiibonyeza, zinafunguka barua zake pepe, na pembeni yake kurasa zake nyingine zote, kwa sababu alikuwa hafungi ukurasa. Akimaliza kusoma anauacha wazi. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Wewe mbona hufungi kopo la vifungo?" Ni kweli, silifungi.

Baada ya mazishi nilikuwa naiwasha kila asubuhi kabla sijaanza kazi. Sikuwa nafanya chochote. Nilikuwa naangalia zile kurasa, kisha naizima. Zilikuwa thelathini na saba. Kulikuwa na ukurasa wa ratiba ya treni ya kwenda mji ambao hatukuwahi kwenda. Kulikuwa na ukurasa wa namna ya kufungua zipu iliyokwama, alioutafuta siku niliyolalamika kuhusu gauni la bibi harusi mmoja. Kulikuwa na kurasa nne za figo. Hizo nilikuwa nazipita haraka.

Mwanzoni mwa mwezi huu kompyuta ikawa nzito. Ilikuwa inachukua muda mrefu kuwaka, mpaka chai inapoa. Nikamwita fundi kompyuta ambaye watu humwita Fundi Miwani, mwenye kibanda karibu na duka la madaftari. Huyu ndiye aliyekamatwa.

Mnamo Jumatatu, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Fundi Miwani alifika nyumbani. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia aingie tu. Aliikagua kompyuta, akaniambia, "Mama, mashine ni nzima. Imechoka tu. Hizi kurasa zote zimefunguka kwa pamoja, ndizo inazobeba. Nizifunge?"

Nikamwambia, "Usiguse hata moja."

Akaniangalia, akaangalia picha ya marehemu ukutani, akasema, "Basi hatuzigusi."

Alinieleza kwamba kile kitu kinachofungua kurasa za mtandao kinaitwa kivinjari, na kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na vivinjari viwili, kama nyumba yenye milango miwili. Cha mzee alama yake ni duara la bluu. Akaniwekea kingine chenye alama ya kijani, akasema, "Hiki ni chako. Ukitaka mishono, ukitaka kuandikia wateja, ingilia hapa. Cha mzee kiache kilivyo." Kisha akasema jambo ambalo nataka liandikwe vizuri. Alisema, "Mama, hiki kipya kina kiherehere. Kitakuuliza kama ungependa kiwe kivinjari chaguomsingi, yaani kile kinachofunguka chenyewe kila ukibonyeza kitu. Kikiuliza, sema hapana."

Nilimwambia nimeelewa. Aliondoka saa tano na nusu. Sikumuona akiandika neno la siri lolote, na muda wote nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, hatua mbili kutoka kwake, napinda suruali.

Mnamo Jumanne, tarehe 10 Juni, saa mbili asubuhi, niliwasha kompyuta nikafungua kile cha kijani ili nitafute mshono wa kola. Kweli kikauliza. Nakumbuka maneno: "Je, ungependa kivinjari hiki kiwe chaguomsingi kwako?" Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Ndiyo." Cha pili kiliandikwa "Si sasa." Nilitafuta "Hapana" kioo kizima, sikuiona.

Nilibonyeza "Ndiyo." Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nilibonyeza mimi.

Nimeulizwa na afande kwa nini nilibonyeza wakati fundi alishaniambia. Jibu langu ni kwamba mume wangu alipoanza kuumwa, mikono ikawa inatetemeka, mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza na yeye anasema. Kompyuta ikiuliza kitu, alikuwa anasema, "Ikubalie mama, ikubalie, tusije tukazeekea hapa." Mkono ulishazoea. Sababu nyingine ni kwamba tangu mazishi watu walikuwa wananiambia tu. Kaa hapa, kula, usilie, nguo zake zigawe. Hakuna aliyekuwa ananiuliza ningependa nini. Najua hiyo si sababu ya kisheria. Nimeulizwa, nimejibu.

Siku hiyo hiyo, nilipomaliza kola, nilibonyeza ile bahasha ya "Barua" kama kawaida. Kikafunguka cha kijani. Hapakuwa na barua, hapakuwa na treni, hapakuwa na zipu. Kulikuwa na ukurasa mweupe unaodai anwani na neno la siri. Nilibonyeza tena mara nyingi. Kisha nikaifunika kompyuta kwa kitambaa nikakaa. Siku ile sikushona tena.

Mnamo Jumatano, tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ni dereva wa lori. Fundi wa mawe alikuwa anasubiri maneno ya kuandika kwenye kaburi. Marehemu, wiki yake ya mwisho, alimwambia mdogo wake, "Maneno ya jiwe nimeshayaandika, yako kwenye barua pepe." Shemeji alikuja kuyachukua.

Alifunua kompyuta, akabonyeza bahasha, akaona inadai neno la siri. Akasema, "Shemeji, hii haikuwa inadai neno la siri. Nani ameigusa?"

Nikamwambia, "Fundi alikuja juzi."

"Fundi gani?"

"Fundi Miwani."

Akapiga meza, vifungo vikamwagika. Akasema, "Amebadilisha neno la siri! Sasa anasoma barua za kaka yangu, na kaka yuko kaburini hawezi kusema kitu!"

Nilitakiwa niseme hapo. Nilikuwa nimeinama chini naokota vifungo, na ile "Ndiyo" niliikumbuka vizuri kabisa. Sikusema. Niliogopa kwamba nikisema nilibonyeza, basi itakuwa ni mimi niliyempoteza, kurasa zote thelathini na saba na maneno ya jiwe. Nilikuwa nimechoka, nikaona bora liwe la mtu mwingine. Shemeji aliifunga kompyuta na kioo chake kwenye shuka, akavileta hapa kituoni. Nilimshikia mlango.

Shemeji si mtu mbaya. Alimbeba kaka yake mgongoni ghorofa tatu za hospitali siku lifti ilipoharibika. Naomba hilo nalo liandikwe.

Mnamo Alhamisi, tarehe 12 Juni, nilisikia kwa muuza madaftari kwamba Fundi Miwani amekamatwa saa tatu asubuhi mbele ya wateja wake. Saa kumi na moja jioni mke wake alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, begi lake magotini, akasema, "Dada, nina swali moja tu. Wewe ulimuona akiiba?"

Nikasema, "Sikumuona."

Akasema, "Maana mimi nimekaa naye miaka kumi na minne. Hawezi kunificha hata kama amekula mandazi njiani. Sukari inabaki kwenye masharubu." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Pole na msiba, dada. Sikupata nafasi ya kuja kukupa pole." Akaondoka.

Yeye ndiye aliyefiwa na amani yake kwa sababu yangu, na alinipa pole mimi. Baada ya hapo sikuweza kukaa na lile jambo.

Leo nilifika kituoni saa mbili na nusu. Nilimwambia afande, huyu koplo anayeandika, kwamba aliyebonyeza ni mimi. Akauliza, "Ulibonyeza nini, mama?" Nikamweleza. Akasema yeye kompyuta anaijua ya kuandikia tu. Akaagiza Fundi Miwani aletwe, na shemeji akapigiwa simu, akafika saa tatu kasoro dakika kumi.

Fundi aliletwa bila miwani yake. Shati lake lilikuwa limekunjamana, na kola ilikuwa imefunguka mshono upande wa kushoto. Alinisalimia, "Shikamoo mama." Niliitikia nikiiangalia ile kola.

Kompyuta ilitolewa kwenye shuka, ikawekwa mezani. Afande alichomoa birika ili tupate umeme, na mtandao tukaupata kwa simu ya shemeji. Fundi akapewa miwani yake. Hakugusa kitu. Alimwambia afande, "Naomba mama abonyeze mwenyewe, mimi nielekeze tu, isije ikasemekana nimeficha kitu tena." Kisha akaniambia, "Mama, angalia chini kabisa, pembeni. Unaona duara la bluu?"

Nililiona. Lilikuwepo siku zote. Nilikuwa sijawahi kulibonyeza kwa sababu sikuwahi kulihitaji, bahasha ilikuwa inanifikisha.

Nikabonyeza. Ilichukua muda, kama kawaida yake. Kisha kurasa zikaanza kuja moja moja, treni, zipu, figo, barua. Fundi akazihesabu, akasema, "Zote zipo, mama. Ulibadilisha mlango tu. Chumba hakijaguswa."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Barua pepe zilifunguka bila kudai neno la siri. Afande akatafuta, akakuta barua ambayo haikutumwa, kichwa chake "Jiwe." Aliisoma kwa sauti, na mimi nairudia kama ilivyo: "Jina na miaka, basi. Maneno yakizidi, fundi wa mawe atakosea herufi, na mimi sitakuwepo kusahihisha."

Shemeji alikaa kwenye benchi. Akasema, "Ni yeye. Ni yeye kabisa." Akajifuta uso kwa lile shuka. Baadaye akamwambia fundi, "Bwana, nimekukosea. Sijui niseme nini." Fundi akamjibu, "Usiseme, kaka. Naomba maji ya kunywa tu." Shemeji akaenda kumletea mwenyewe.

Afande alifungua ukurasa wa mwisho kulia ili ahakikishe hakuna kilichofutwa. Ulikuwa ukurasa wa kutafutia, na maneno ya mume wangu yalikuwa bado yameandikwa juu: "jinsi ya kumfundisha mke kompyuta bila kugombana." Kumbukumbu za kivinjari zilionyesha tarehe ya wiki mbili kabla ya kulazwa. Mimi nilikuwa siufikii ukurasa huo, kwa sababu nilikuwa naanzia kushoto na nikishazipita za figo naizima. Afande alicheka, akaniangalia, akaacha. Nilimwambia anaweza kucheka. Tuligombana kweli, siku mbili za kwanza, akakata tamaa.

Kisha kile cha bluu nacho kikauliza. Fundi alisema ni kawaida, kikiona si chaguomsingi tena huomba kirudishiwe nafasi. Maneno ni yale yale, na vitufe ni vile vile viwili. Afande akauliza, "Sasa mama, kipi kiwe kinafunguka chenyewe? Cha mzee?"

Fundi alisema ni hiari yangu. Kikiwa cha mzee, bahasha itanifikisha kama zamani, ila na mambo yangu yote, wateja na mishono, yatakuwa yanafungukia humo humo, juu ya yale ya kwake. Siku moja mashine itaelemewa na nitalazimika kufunga baadhi. Kikibaki cha kijani, ya kwake yatakaa peke yake, na nikiyataka itabidi niyafuate mwenyewe.

Hakuna aliyeniharakisha. Safari hii nilisoma mpaka mwisho, kisha nikabonyeza "Si sasa."

Fundi Miwani hakuiba wala kubadilisha chochote nyumbani kwangu. Alinikanya, na mimi nikafanya. Mchana na usiku aliokaa hapa ni kosa langu.

Ninayoyajua ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu, nikasomewa, na ndivyo yalivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na nimemsomea shahidi. Ameomba maneno ya marehemu yaliyonukuliwa yabaki yalivyo, na kwamba kola ya mtuhumiwa isitajwe kama uharibifu uliofanyika kituoni, shahidi ataishona mwenyewe. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake kwa maandishi. Mtuhumiwa ameachiwa saa 5:10 asubuhi. Kompyuta imekabidhiwa kwa shahidi ikiwa kamili, kurasa 37. Wameondoka pamoja kwa miguu, mlalamikaji akibeba kompyuta, mtuhumiwa akibeba kioo, shahidi akibeba shuka.