Mkalimani Mbaya

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ukiacha magoti. Mama yako leo afadhali, jana hapana. Tangu wamtoe uvimbe kooni sauti haijarudi, na daktari ameacha kutupa matumaini.

Programu uliyotutumia imefika. Tumefuata maelekezo yako: mama anaandika maneno yake kwenye faili, anahifadhi, kisha mimi naandika amri "sema" ili kompyuta iyasome kwa sauti. Haisemi kitu. Inajibu kwa Kiingereza, na mwalimu jirani yetu akanitafsiria: "Mkalimani mbaya. Faili haipo." Faili naiona kwa macho yangu haya. Na huyo mkalimani mbaya nilidhani ni mimi, maana ishara za mama yako nazitafsiri mimi. Akiinua vidole viwili namletea mito miwili, naye anatikisa kichwa. Aliposikia maneno ya mwalimu alicheka mpaka machozi, bila sauti.

Nimemwomba anionyeshe tu alichoandika, nisome. Kakataa katakata. Unamjua, miaka ishirini na sita ametangaza treni pale stesheni, hawezi kukubali kusomwa kimyakimya kama karatasi ya ukutani. Anataka asikike. Tafadhali tutengenezee mapema.

Baba yako

28 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini magoti yametulia na mama anakula. Mimi mzima, kazi tu ndizo zimenibana.

Nisamehe. Barua yako niliisoma siku ileile, nikasema nitaijibu nikitulia. Kumbe kosa ni langu, tena la mstari mmoja. Mstari wa kwanza wa programu huiambia kompyuta mkalimani yuko wapi, yaani ile programu nyingine inayoisoma na kuitekeleza. Nilipofunga kifurushi cha kuwatumia niliacha humo njia, yaani anwani, ya kompyuta yangu. Sasa kompyuta yenu inamtafuta mkalimani chumbani kwangu huku, haimwoni, inakata tamaa. Faili ipo, asiyekuwepo ni yeye.

Fungua faili ya "sema". Kwenye mstari wa kwanza acha alama #! halafu futa yaliyobaki, uandike: /usr/bin/env python3. Hapo itamtafuta humohumo kwenye kompyuta yenu. Hifadhi, ujaribu. Mwambie mama nasubiri kumsikia.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima na unapata usingizi. Mimi nipo. Tangu tuongee kwa simu siku ya msiba sikuwa na nguvu ya kuandika.

Barua yako iliingia alasiri. Mama yako alikuwa ametutoka asubuhi ya siku hiyohiyo. Sikuigusa mpaka jana. Nikabadilisha ule mstari, nikaandika "sema". Ikasema.

Kumbe alikuwa akiandika kila siku. Sauti ni ya mashine, lakini mpangilio wa maneno ni yeye mtupu. Ameanza na "Ndugu abiria". Amelalamika kwamba supu yangu ni chumvi tupu, na kwamba nakoroma. Kisha akasema: "Baba watoto, vidole viwili ni mimi na wewe. Acha mito. Keti."

Wiki zote zile alikuwa ananiita nikae naye, na mimi nakimbilia kabatini kuchukua mito. Inaniuma, mwanangu, siwezi kukuficha. Jana niliketi pale kitandani kwake mpaka jua likazama.

Sikulaumu kwa zile wiki tatu. Hata mimi nilikuwa naye chumba kimoja na sikumsikia.

Mwishoni ametaja jina lako, na yapo maneno aliyokuachia wewe, mengi. Siyaandiki hapa, na faili sitaituma. Alikataa kusomwa. Njoo uyasikie.

Baba yako